Unataka kuona dubu weupe NA mianga ya kaskazini kwa safari moja ya Churchill, Kanada? Soma huu uzi kabla hujalipa

DerevaWaKaratu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Niliendesha wageni Serengeti na Ngorongoro miaka kumi na moja kabla ya kuhamia Winnipeg, Manitoba. Tangu nifike huku nimekwenda Churchill mara tatu: mara moja Novemba, mara mbili Machi. Kila mwaka ikiingia Septemba simu zinaanza, kutoka Toronto, Dar, mpaka Muscat, na swali ni lile lile: nina wiki moja ya likizo, nataka kuona dubu weupe na ile mianga ya kijani, nije lini? Nimeona niandike mara moja wote wasome.

Wiki hiyo haipo. Kuna watu wamebahatika kuviona vyote viwili, sikatai, lakini safari hii inakula maelfu ya dola na mimi simshauri mtu alipie bahati. Sababu ni moja tu, nayo ni barafu ya Ghuba ya Hudson. Ukiijua tabia ya ile barafu utapanga safari mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Dubu mweupe anaishi kwa kula sili, na sili anamvizia juu ya bahari iliyoganda. Barafu ikiyeyuka, mwezi wa Julai hivi, dubu wa upande huu wa ghuba hawana la kufanya ila kupanda nchi kavu, na nchi kavu haina chakula cha kuwatosha. Wanakaa miezi minne au zaidi wakitumia mafuta ya miili yao. Jike mwenye mimba anaweza kufikisha miezi minane bila mlo wa maana. Ikifika Oktoba wanaanza kusogea pwani jirani na Churchill, kwa kuwa barafu huwahi kushika hapo: Mto Churchill unamwaga maji yasiyo na chumvi, ambayo huganda upesi kuliko ya bahari, na upepo wa kaskazini-magharibi unasukuma vipande vya barafu mpaka vinarundikana ufukweni. Mimi nilipowaona nilikumbuka nyumbu wanavyojaa ukingoni mwa Mto Mara. Tofauti ni kwamba nyumbu anasubiri ujasiri wa kuingia majini. Dubu anasubiri maji yagande yawe njia.

Kwa kawaida njia hiyo inafunguka katikati au mwishoni mwa Novemba, na hapo dubu hutawanyika baharini kuwinda mpaka kiangazi. Mwaka ule niliokwenda, siku ya pili tu tulihesabu dubu kumi na mmoja tukiwa ndani ya yale magari makubwa ya tundra (nyika ya baridi isiyo na miti), yenye tairi zinazomzidi mtu kimo. Siku tisa baadaye dereva wetu aliniandikia kwamba ameona nyayo tu, zote zinaelekea ghubani.

Sasa mianga. Churchill ipo karibu nyuzi 59 kaskazini, chini kabisa ya ule mkanda unaozunguka ncha ya sumaku ya dunia, ambako aurora, yaani hiyo mianga, hutokea karibu kila usiku. Kwa hiyo Novemba mianga ipo, ila ipo juu ya mawingu. Ghuba ikiwa bado wazi, hewa baridi inayopita juu ya maji inajaa mvuke, na mvuke huo ndio mawingu na theluji za Oktoba na Novemba. Katika siku zangu sita niliona nyota usiku mmoja, tena kwa saa moja hivi. Ghuba ikishaganda ni kama umefunika sufuria: mvuke unakatika, hewa inakauka, na kuanzia Januari mpaka Machi unapata usiku mwingi wa anga safi.

Umeona sasa? Barafu ile ile inayowachukua dubu ndiyo inayokufungulia anga. Ndiyo maana nasema chagua. Dubu: wiki ya mwisho ya Oktoba hadi katikati ya Novemba. Mianga: Februari au Machi, na mimi nachagua Machi, maana mchana umeanza kurefuka na kipindi ambacho usiku na mchana vinalingana huwa na misukosuko mingi ya sumaku angani. Jua lilifika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 mwaka 2024, na miaka inayofuata kilele huwa bado na dhoruba nzuri za jua, ambazo ndizo huleta mianga.

Niwaambie ukweli mwingine ambao mabango hayasemi. Aurora ikiwa dhaifu, jicho linaiona kijivu. Usiku wangu wa kwanza wa Machi nilisimama nje kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri, nikaona kitu kama moshi wa kuni umelala juu ya paa za nyumba. Nikadhani ni wingu. Mama mmoja mwenyeji akaniambia piga picha. Nikapiga: kijani kitupu. Kamera inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, jicho haliwezi.

Usiku wa tatu ndio nilioufuata. Ilikuwa kama saa saba kasoro usiku. Ule moshi ukajikusanya ukawa utepe, utepe ukaanza kutetemeka kwa chini, na ndani ya dakika moja ukawa pazia la kijani linalokimbia kutoka upeo wa mashariki mpaka magharibi, ukingo wa chini una waridi. Kijani ni oksijeni, kilomita 100 mpaka 150 juu yetu, ikipigwa na chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua. Waridi na zambarau ya chini ni naitrojeni. Wekundu, ukibahatika, ni oksijeni ya juu zaidi, kilomita 200 kwenda mbele. Haya nilikuwa nayajua, na bado miguu iliishiwa nguvu. Hakuna sauti hata kidogo. Kitu chote kile kinapita juu yako na unachosikia ni theluji inayolia chini ya kiatu, kama wanga mkavu ukiuminya kwa vidole. Nilitaka kumpigia mama yangu Karatu, kule kulikuwa kumeshapambazuka, simu ikazima kwa baridi ikiwa na chaji nusu. Nilimsimulia kesho yake, akaniuliza kama nilisali. Nilisali.

Usafiri: hakuna barabara ya kufika Churchill. Kuna ndege kutoka Winnipeg, saa mbili na kitu, bei kali. Na kuna treni, mara mbili kwa wiki, kilomita kama 1,700, usiku mbili njiani. Reli hii ilifika Churchill mwaka 1929 na sehemu ya kaskazini imelala juu ya udongo ulioganda daima, ambao juu yake ukilegea kiangazi reli inabonyea, ndiyo maana treni inakwenda kwa mwendo wa kunyata. Mwaka 2017 mafuriko yaliibomoa na mji ukakaa bila treni ya abiria mpaka Desemba 2018. Ukija kwa treni, usipange ndege ya kurudi siku ile ile unayotarajia kufika Winnipeg. Mimi safari ya kwanza tulichelewa saa kumi na moja. Wenye bajeti ndogo huendesha gari mpaka Thompson, kisha wanapanda treni hapo.

La mwisho kabla sijawaachia. Mjini kuna jumba la makumbusho la Itsanitaq, lenye kazi za mikono za Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki. Nenda. Na kuna ukumbusho wa Wadene wa kabila la Sayisi, wenyeji wengine wa asili wa huku. Mwaka 1956 serikali iliwatoa kwenye nchi yao ya kuwinda, ikiwalaumu kwamba wanamaliza karibou (aina ya kulungu wa kaskazini), ikawabwaga pembezoni mwa Churchill bila makazi ya maana wala kazi. Zaidi ya 100 walifariki katika miaka ile. Mwaka 1973 waliobaki walianza kuondoka wenyewe kwenda kuanza upya Tadoule Lake. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi 2016. Nilikaa pale nikawakumbuka watu wanaohamishwa kupisha wanyama huko kwetu, na sikuweza kupiga picha.

Karibuni kwa maswali.

BintiMikindani

Kaka, shikamoo kwa nondo hizi. Mimi nipo Toronto, nimeamua Machi. Swali langu ni mavazi. Hapa Toronto tu mwezi wa pili nalia, sasa hiyo 34 chini ya sifuri nitaivumiliaje? Na ngozi zetu je?

DerevaWaKaratu

Marahaba dada. Kosa la wengi ni kuvaa koti moja nene juu ya fulana ya pamba. Pamba inashika jasho, jasho linapoa, umekwisha. Ya ndani iwe sufu nyembamba inayobana mwili, juu yake kitu chepesi cha kutunza joto, kisha koti na suruali ya kukata upepo. Viatu vizidi namba moja ili hewa ipate nafasi. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja. Glavu zile za vidole vinne pamoja, si za kidole kimoja kimoja, na ndani yake glavu nyembamba za kushikia kamera. Usinunue vyote. Watembezaji wengi wa Churchill wanakodisha koti na viatu, ulizia unapolipia.

Churchill si giza tupu kama watu wanavyofikiri. Ipo kusini ya mzingo wa Aktiki, hata Desemba jua linakaa juu kwa muda wa saa kama sita. Machi unapata mchana kamili. Kwa hiyo chukua na miwani, theluji inaakisi jua vibaya sana.

Nesi_Kivu

Niongeze kwa upande wa ngozi, maana ninafanya kazi hospitali hapa Winnipeg na ndugu zetu wengi wakija kutoka Kongo hawajui hili. Vitabu vinasema ukipata jamidi ya baridi, yaani nyama ya mwili kuganda, ngozi inakuwa nyeupe au nyekundu. Kwa ngozi nyeusi usisubiri hiyo rangi. Inakuwa na weupe wa majivu, kama mtu ambaye hakujipaka mafuta, na inakuwa ngumu ukiigusa. Dalili ya kuaminika ni kwamba maumivu yanakoma. Kidole kilichokuwa kinauma kikinyamaza ghafla, ingia ndani.

Usisugue, na usisugue na theluji kama wazee wengine wa huku wanavyosema. Ingia ndani, weka kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu hutasikia yakikuunguza. Rangi isiporudi au malengelenge yakitokea, nenda kwa daktari.

Mafuta ya mgando usoni hayachukui nafasi ya kujifunika. Na wanawake, vueni hereni na vipini vya chuma kabla ya kutoka. Chuma kinapitisha baridi moja kwa moja kwenye nyama. Nimewahi kumhudumia dada mmoja kwa ajili ya hereni.

BintiMikindani

Hili la hereni sikuwahi kulisikia popote. Asante sana dada nesi.

Jabali_Tromsø

Mleta mada umeeleza vizuri sana, ila kichwa cha uzi kinaweza kumfanya mtu aamini duniani kote ni hivyo. Mimi nipo Norwe mwaka wa tisa. Huku mnyama na mianga vinakutana. Kuanzia Novemba hadi Januari samaki aina ya heringi wanajaa kwenye fiodi (ghuba nyembamba kati ya milima) za kaskazini, miaka ya karibuni hasa maeneo ya Skjervøy, na nyangumi wauaji na nyangumi wa nundu wanawafuata. Mchana unapanda boti kuona nyangumi, usiku unatafuta mianga.

Na baridi ya huku haifiki robo ya hiyo yenu. Tromsø ipo juu nyuzi 69 lakini mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unaitunza. Januari tunacheza kwenye tatu, nne, tano chini ya sifuri.

DerevaWaKaratu

Mkuu Jabali, nakubali, na asante kwa kurekebisha. Ninayoyasema ni ya Churchill. Ila nisaidie hapo: nimesikia Tromsø mawingu ndiyo adui mkubwa. Kweli?

Jabali_Tromsø

Kweli kabisa. Yale maji ya uvuguvugu yanayotupunguzia baridi ndiyo yanayotuletea mawingu, hivyo kanuni yako ya bahari iliyo wazi inafanya kazi huku pia, tena majira yote ya baridi. Ndiyo maana waongozaji wetu hawakai mjini. Wanapakia watu kwenye basi dogo na kuendesha hata saa mbili, tatu kuelekea mpaka wa Ufini, ambako milima imeshazuia mawingu ya bahari. Mtu akikuuzia ziara ya kusimama bandarini usiku kucha, muulize maswali.

Na tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Mchana unapata saa chache za mwanga wa buluu. Kwa kuona nyangumi unatosha, ila kwa mtu aliyezoea jua moyo unabanwa. Mwaka wa kwanza ulinisumbua sana.

Mzenji_Muscat

Assalaam aleikum. Hapo kwenye jua kutochomoza ndipo ninapokwama, mimi na familia tunapanga kwenda na suala la sala linatushughulisha. Kwa Churchill vipi?

DerevaWaKaratu

Wa aleikum salaam sheikh. Churchill jua linachomoza na kuzama kila siku ya mwaka, kwa hiyo nyakati zipo, ni fupi tu majira ya baridi. Kwa Tromsø wakati wa giza waulize Waislamu wa kule utaratibu wanaoufuata. Kumbuka pia viza: ya Kanada inataka alama za vidole, na foleni yake haitabiriki. Kata tiketi ukishaipata.

Otieno_K

Ndugu, nimesikia kuna jela ya dubu huko. Ni kweli ama ni hadithi za watalii?

DerevaWaKaratu

Ni kweli ndugu Otieno. Ni ghala la zamani karibu na uwanja wa ndege, lina vyumba 28. Dubu anayezoea kuingia mjini ananaswa na maafisa wa wanyamapori, anawekwa mle, kisha ghuba ikiganda anaachiwa, au anapigwa sindano ya usingizi na kupelekwa mbali kaskazini kwa helikopta akining'inia kwenye wavu. Anapewa maji, chakula hapewi. Mwanzoni niliona ni ukatili. Nikaeleweshwa kwamba kipindi hicho hata porini hali, na akilishwa mle atajifunza kwamba mjini ndiko kuna chakula. Hapo nilikubali, maana nimewaona nyani wa Ngorongoro walioharibiwa na ndizi za watalii.

Watu wa mji wenyewe wana desturi ya kutofunga milango ya magari, na wengine ya nyumba, ili anayekimbizwa apate pa kuingilia. Saa nne usiku king'ora kinalia kukumbusha watu waache kutembea ovyo. Novemba usitembee peke yako ufukweni hata mchana, hata kama huoni kitu. Dubu aliyelala nyuma ya mwamba anafanana na mwamba wenye theluji.

Otieno_K

Asante. Na hao dubu wanaongezeka ama wanapungua?

DerevaWaKaratu

Wanapungua. Hesabu ya kutoka angani ya mwaka 2016 kwa dubu wa magharibi ya Ghuba ya Hudson ilikadiria 842. Ya mwaka 2021 ikakadiria 618. Miaka mitano tu. Barafu inayeyuka mapema na kuchelewa kushika, kwa hiyo mfungo wao unarefuka, na wanaoumia kwanza ni majike na watoto. Nilipokuwa pale nilimwona jike mmoja na mtoto wake, mbavu za mama zinahesabika. Ndani ya gari watu ishirini na kitu, hakuna aliyezungumza.

Kusini ya mji kuna Hifadhi ya Taifa ya Wapusk, iliyoanzishwa 1996. Jina ni la Kikree, lugha ya wenyeji wa asili wa huku, maana yake dubu mweupe. Majike huzaa humo kwenye mapango ya udongo wa mboji na hutoka na watoto mwishoni mwa Februari na Machi. Kwa hiyo kuna safari chache za Machi ambapo mpiga picha anaweza kupata dubu na mianga pamoja. Sikuziweka juu kwa sababu bei yake si ya mtu wa mshahara, na unaweza kusimama kwenye upepo siku nne ukitazama shimo tupu.

Fundi_Picha_Nakuru

Kwa wenye kamera: stendi ya miguu mitatu ni lazima. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 mpaka 3200, lenzi ifunguke mwisho, sekunde 5 hadi 10. Mianga ikikimbia punguza sekunde, la sivyo mapazia yanakuwa uji. Lenga nyota kwa mkono, usiachie kamera ijilenge. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani, kwenye mwili. Na kabla hujaingia ndani, fungia kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo mpaka ipate joto. Usipofanya hivyo unyevu unaingia hadi ndani ya lenzi.

BintiMikindani (miezi mitano baadaye)

Narudi kwenye uzi kama nilivyowaahidi wengine inboksi. Nimekwenda, nimerudi. Usiku nne Churchill. Wa kwanza na wa pili mawingu, kaka, hata Machi yapo. Nililia kidogo chumbani, siwafichi. Wa tatu mianga ilianza saa tatu na nusu usiku hata hatujamaliza kula, tukatoka na vijiko mkononi. Haikuwa kijivu. Ilikuwa kijani ya majani ya mgomba yakipigwa na jua kwa nyuma, na ilishuka ikawa juu ya vichwa vyetu kabisa, ikifunguka kama ua. Mwongozaji, kijana wa Kikree, alituomba tusipige miluzi. Bibi yake alimwambia mianga ikisikia mluzi inakufuata. Hakuna aliyepiga.

Dubu sikumwona. Nilimwona mbweha mweupe, karibu na reli, ameinamisha kichwa anasikiliza panya chini ya theluji, kisha akaruka juu na kuzamisha kichwa chote. Kaka Dereva, nilikumbuka bweha wa kwetu. Na kwale weupe walikuwa kundi zima, nilidhani ni mabonge ya theluji mpaka bonge moja likatembea.

Treni ya kurudi ilichelewa saa saba. Nilikuwa nimeacha siku moja katikati kama ulivyosema, ndege sikuikosa.

Soksi zangu za sufu jozi tatu na ile suruali ya ndani nimeziacha kwa dada Nesi_Kivu Winnipeg, zimefuliwa. Atakayekwenda Machi ijayo amwandikie yeye inboksi. Viatu nilivaa namba 39, na vyenyewe vipo huko.